Nilipotua Shambani kwa Mzee Nsengimana

Kasulu,
17 Agosti 1997

Kwako dada yangu Immakulata,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi na baridi ya asubuhi. Natumaini wewe, mama, shemeji na watoto mnaendelea vizuri. Mimi ni mzima, isipokuwa mguu wa kulia, ambao umevunjika na kufungwa hogo.

Unajua Mzee Nsengimana alikataa kunipa Divine. Alisema hamwozi binti yake mtu atakayekufia hewani. Nikamwomba aje aone mwenyewe nikiruka kutoka mlimani na ule mwavuli wa kupaa angani niliotoka nao masomoni Uswisi. Akiona hatari, uchumba ufe. Ndivyo nilivyojiamini.

Upepo wa Agosti si wa mtu anayejifunza. Unapanda mlima kwa nguvu, na usipokuwa mzoefu unakurudisha nyuma ya kilele, ambako hakuna wa kukusaidia. Niliruka vizuri. Nikatua kwa miguu miwili shambani kwake Kagerankanda, mbele ya ukoo mzima. Kilichobaki ni kugeuka na kuvuta kamba ili mwavuli ulale.

Hapo mama yake Divine akainama, akaanza kunipigia makofi ya salamu, mwakeye, mwakeye. Dada, mkwe anakusalimia nawe umeshika kamba! Niliziachia, nikapiga makofi. Upepo ukaujaza mwavuli, ukaniburuta katikati ya mihogo hadi kwenye kichuguu.

Nilijua nimeshamkosa Divine. Kumbe mzee alinifuata hospitali, akasema kijana anayeachia kamba za uhai wake ili amwitikie mkwewe amelelewa. Amekubali. Tena anatangaza kila mahali kwamba siku ya harusi bwana arusi atashuka kutoka angani.

Sasa nikueleze ambalo mzee halijui. Naogopa. Upepo ukitikisa bati tu, natokwa jasho. Sitaruka tena, dada.

Jana nilimwambia Divine, kwa aibu, maana siku zote nilidhani alimpenda yule wa angani. Alishusha pumzi. Akasema kila niliporuka alifumba macho mpaka asikie watu wakishangilia. Hajawahi kuniona huko juu hata mara moja. Nilifurahi, na iliniuma pia.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Habari za mguu mwambie mama akishakula. Mungu akitujalia tutaonana harusini.

Ni mimi mdogo wako,
Melkiadi