Mchezo wa Maktaba Iliyofungwa

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza tanzu za fasihi na kidato cha kwanza. Hadithi, ushairi, tamthilia. Wanasinzia! Nikauliza: majirani wakigombana, huo ni utanzu gani? Kinanda — yule binti mwenye sauti ya kuamsha mtaa — akanidaka: ukitusimulia ni hadithi, ukilalamika kwa vina ni shairi, mkigombana mbele yetu ni tamthilia. Darasa hoi! Nimempa yeye na kundi lake kazi: watunge mchezo mfupi, waucheze Jumatano.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Mchezo wao: mkuu wa shule anatembea na ufunguo wa maktaba mfukoni. Wageni wakija anafungua, wakiondoka anafunga. Kinanda ndiye mkuu — sweta limejazwa tumboni, mikono nyuma. "Vitabu vikishikwa vinachakaa!" Tulicheka mpaka machozi. Ghafla madawati ya nyuma yakanyamaza. Mkuu mwenyewe, dirishani! Akageuka, akaondoka.
Na maktaba yetu ni hivyohivyo, jamani. Nani asiyejua?

Alhamisi, 7 Machi
Kinanda karudishwa nyumbani. Kesho aje na mzazi, aombe radhi mstarini, kwa magoti. Makamu wa Mkuu, mama wa watu, kanivuta pembeni: sema hukuusoma mchezo kabla. Barua yako ya kuthibitishwa kazini iko mezani kwa Mkuu, bado sahihi tu.
Lakini niliusoma! Tena niliupitisha!
Nyumbani Baba Watoto naye: mdomo uliponza kichwa, mke wangu.

Ijumaa, 8 Machi
Mstarini. Kinanda mbele, kainamisha kichwa. Mama yake, fundi cherehani, kando yake, nyuzi bado zimeng'ang'ania begani. Mkuu akanigeukia, akaninyooshea kipaza sauti: mwalimu wake atuambie, ile ni fasihi au utovu wa adabu?
Nikakipokea. Sijui sauti ilitoka wapi.
"Ni tamthilia, Mkuu. Niliisoma, nikairuhusu. Kama kuna wa kupiga magoti, tuanze na mimi."
Kinanda akainua uso. Mkuu akanipokonya kipaza sauti: ofisini, wote!

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi, mama yake Kinanda kando yangu. Mkuu kaanza na mtoto. Yuko ndani na Mkuu na Makamu, hatusikii kitu. Walimu wenzangu wanapita wakitazama ukuta, kama nina upele.
Mama yake kaniuliza kwa kunong'ona: mwalimu, mwanangu alikuwa nani kwenye huo mchezo?
Nikamwambia: alikuwa Mkuu.
Akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika. Nikamshika mkono — pole, mama, pole.
Kumbe anacheka! Na mimi, Mungu nisamehe, nimeshikwa na kicheko —
Kitasa kinazungushwa.