Dizeli ya Mume Wangu, Petroli ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Karakana nzima imenuniana. Ni watu wawili tu, lakini wamenuniana kwelikweli. Mume wangu, ambaye ni seremala, anapiga randa mpaka mbao zinalia. Wifi, dada yake mkubwa, anashona vitambaa vya makochi upande wa pili wa ukuta, na redio ameifungulia mpaka mwisho.

Sababu: pikapu. Wamekodi magari ya watu tangu wafungue karakana. Sasa wanaweza kununua lao. Moja. Mume anataka la dizeli. Wifi anataka la petroli. Na kwa bahati mbaya yapo yote mawili, jeupe la dizeli na la bluu la petroli, yameegeshwa ubavu kwa ubavu kwenye yadi ya dalali tunayemwita Hakuna Tatizo. Ametuwekea hadi Jumamosi.

Jioni wifi aliingia jikoni, hakuketi. Alisema wasipoelewana atabeba cherehani zake akaanze kivyake. Hakupandisha sauti. Hapo nikajua hatanii. Seremala asiye na mshonaji anauza fremu za makochi. Nani anakalia fremu?

Uamuzi wameniachia mimi. Wewe si mwandishi wa habari? Chunguza! Nimeripoti uchaguzi, mafuriko na kesi za mauaji. Kwenye uchaguzi, angalau, aliyeshindwa haji kula mezani kwangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimezihoji pande zote mbili, kila mmoja peke yake.

Mume: mbao zinatoka kiwandani, mbali, kule mlimani, zikiwa mbichi na nzito kama dhambi. Petroli itarudi inahema, tangi tupu. Dizeli inavuta na inadumu. Tena — hapa alilainisha sauti — inanguruma. Nikamuuliza kama mngurumo nao ni hoja. Akasema mimi magari siyajui.

Wifi: mbao zinafuatwa mara mojamoja. Mito ya makochi inakwenda mjini kila siku. Peleka, rudi, washa, zima, rudi tena kwa sababu mteja ameiona rangi kwenye mwanga wa nyumbani kwake na ameichukia. Dizeli haitaki safari fupi namna hiyo. Halafu asubuhi ikiwashwa, moshi wote unaishia kwenye vitambaa vyeupe. "Na kunguruma, wifi yangu, ananguruma mwenyewe akilala, tangu mdogo. Anataka na gari limsaidie?"

Wote wawili wanasema kweli. Balaa!

Jumatano, 5 Machi

Leo nimetafuta mtu asiye na upande. Fundi makanika, karibu na ofisi ya gazeti. Nilimkuta yuko chini ya basi dogo, kwa hiyo nilihoji miguu.

Dizeli au petroli? Miguu ikafikiri. Gari la petroli, alisema, linaharibika vitu vidogovidogo, mara kwa mara. Hilo ndilo linalomlipia ada ya watoto. La dizeli linakaa kimya muda mrefu, halafu siku moja pampu inakufa. Hilo ndilo linalomwezekea nyumba.

Kwa hiyo tuchukue lipi?

"Yote mawili, mama. Msinibague."

Wakati wa chakula niliwasimulia neno kwa neno. Mume akacheka. Wifi akacheka. Kisha wakakumbuka kwamba wamenuniana, wakaacha.

Alhamisi, 6 Machi

Mahakamani kutwa. Kesi imeahirishwa. Na ya nyumbani pia.

Ijumaa, 7 Machi

Natoka mahakamani, nangoja kuvuka barabara, mara likapita gari la shule ya udereva, lile lenye herufi L kubwa nyekundu. Kwenye usukani: wifi! Miwani puani, mgongo umenyooka, usukani ameukaba kama mtu aliyemkamata mwizi wake. Aliniona. Akatoa indiketa, akaegesha kando ya barabara vizuri kabisa, akateremsha kioo.

"Hujaniona."

"Nimekuona."

"Basi, wifi, hili lisiende gazetini. Wala mezani."

Leseni tayari anayo! Iko kwenye pochi, kati ya tepu ya kupimia na risiti za nyuzi. Leo alikuwa anajizoeza kurudi nyuma. Amefundishwa kwa gari la petroli na ndilo analoliamini. Lile jeupe la dizeli, alisema, klachi yake ni ngumu, kila mtu anasema. Yeye umri umekwenda, hataki kuaibika mbele ya mdogo wake. Mwalimu wake alikuwa ametazama nje dirishani kwa adabu kubwa.

Nyumbani nikamuuliza mume swali dogo, huku namenya viazi: hilo gari litaendeshwa na nani?

"Na mimi. Nani mwingine? Dada hawezi ile klachi."

Alivyolisema hilo! Kama mtu aliyekwishakula keki na sasa anapangusa mdomo.

Wiki nzima nimeulizia mafuta. Sikumuuliza mtu hata mmoja nani atakaa na funguo.

Baadaye akataka kujua uchunguzi wangu umezaa nini. Nikasema bado tunathibitisha taarifa. Nimesikiliza wasemaji wa serikali maisha yangu yote, leo ndiyo mara ya kwanza kuwaonea huruma. Nikimwambia mume, nimemsaliti wifi. Nisipomwambia, kesho nitatoa uamuzi huku nusu ya habari nimeikalia.

Jumamosi, 8 Machi

Naandikia mapajani, garini, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Nitaanzia mwanzo.

Yadini asubuhi. Dalali alikuwa ameyaosha magari yote mawili. La bluu lilijaribiwa kwanza: kimya, jepesi, halikuwa na la kulalamikiwa. Jeupe lilikuwa limebanwa nyuma, kati ya ukuta na bodi la basi bovu, ikabidi litolewe kinyumenyume. Mume akapanda. Akawasha. Likanguruma. Akatabasamu peke yake. Akarudi nyuma, gari likapanda rundo la matairi.

"Tatizo!" dalali akapiga kelele.

Mume akashuka kutazama. Akasema vioo vya pembeni vimekaa vibaya. Nilipogeuka, wifi alikuwa ananikabidhi mkoba wake. Akapanda. Akasogeza kiti mbele, akarekebisha vioo, akakanyaga klachi.

Nilimtazama mguu. Mwanamke huyu amekanyaga pedali ya cherehani tangu kabla sijaolewa. Ile klachi ilizama kama siagi. Nadhani mwenyewe alishtuka, maana aliitazama chini, kisha akaikanyaga tena, kwa raha tu. Halafu akalitoa gari pale kwa mara moja, bila kugusa kitu, akalinyoosha langoni.

Mume akasogea dirishani kwake.

"Umejifunza lini?" mume akauliza.

"Ulipokuwa unapiga randa."

Akanigeukia. Je, nilijua? Nikasema nilijua. Tangu jana. Akakuna kidevu, akalizunguka gari, akapiga tairi teke. Kisha: "Unajua, Dada, nimefikiri sana. Kwa kazi zetu za mjini, petroli ndiyo hasa."

Wifi alikuwa anaupapasa usukani. "Hili la dizeli mbona halina neno."

Niliwaomba warudie, nisije nikawanukuu vibaya. Wakarudia! Mume akaeleza habari za moshi na vitambaa vyeupe, kwa uchungu, kama yeye ndiye anayevifua. Wifi akaeleza habari za mlima na mbao mbichi. Hata "inadumu" alisema.

Dalali akapendekeza twende mara moja hadi kwenye mzunguko wa barabara na kurudi, tuamulie hapo. Wote tukakubali. Wifi kwenye usukani, mimi katikati, mume dirishani, dalali nyuma kwenye bodi.

Mzunguko tumeupita.

"Dada, tumepita."

"Nimeona."

Mume anakanyaga breki ambayo upande wake haipo. Anaikanyaga kila kona. Dalali anagonga paa. Nyumba zimeanza kuwa chache, na hii ni njia ya kiwanda cha mbao, hakuna asiyeijua.

"Haya, mwandishi, sema basi," mume ananiambia. "Dizeli au petroli?"

"Ndiyo, wifi, sema," na wifi naye, huku analipita lori. Lori zima!

Nimefungua mdomo. Kabla sijasema, mkono wa mume wangu umepita juu ya daftari hili kwenda kwenye funguo. Wifi ameupiga kofi bila kuondoa macho barabarani. Mtoto wewe, gari likienda haliguswi! Mkono umerudi mapajani mwake, umetulia. Mlima huu hapa. Wifi anashusha gia —