Kijito Nilichokihamisha

Mama, shikamoo. Ya pili ni ya mjomba Deo, maana najua ndiye anayekusomea, kavaa miwani yake iliyofungwa uzi. Goti linaendeleaje? Tekla kaniambia umeanza tena kushuka sokoni na karoti kichwani, wakati daktari alikukataza. Mama, hata mara moja basi msikilize daktari! Mimi mwili hauna ugonjwa, ila usingizi umenikimbia tangu dada Tekla aliponitumia sauti yako ikisema, "Anselmi, picha yako inatunyang'anya shamba."

Najua hukusema kwa ugomvi, lakini imenichoma.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana kwenye simu nilijisifu tu. Huku Denmark hakuna mlima hata wa kuchezea, nchi imelala kama mkeka. Ndiyo maana makumbusho yao yalitaka ukuta mzima wa Uluguru, toka sakafuni hadi darini, mgeni akiingia aone kasimama mbele ya mlima. Kazi nikapewa mimi kwa kuwa nimezaliwa huko. Zile picha nilizopiga likizo nikiwa ng'ambo ya bonde, ukanicheka kwamba nimegeuka mpima ardhi, nimeziunganisha kwenye kompyuta kipande kwa kipande, nikachora juu yake ukungu, migomba, matuta ya kabichi, hadi moshi wa jikoni kwako. Ikikamilika inachapwa kwenye karatasi pana na kubandikwa. Niliipenda, mama. Kuna siku nilikaa mbele ya kompyuta nikalia peke yangu.

Sasa, ukuta ule una mlango wa dharura, na kwa sheria za huku haufunikwi wala hauhamishwi. Kijito chetu kiliangukia hapohapo mlangoni. Bosi wangu, Bi Kirsten, akasema maji yakikatwa na mlango yatachukiza macho, nikisogeze. Nikakisogeza. Kufumba na kufumbua kikawa kinapita kati ya nyumba yetu na shamba lako la Kwa Bibi. Nilijua si mahali pake, ila nikajiambia hili ni pambo la ukutani, litamdhuru nani? Nikamtumia Tekla aone. Tekla akaiweka status, na kijiji kizima kikaiona.

Ningejuaje kwamba masika yataporomosha mlima na kukifukia kijito chenyewe? Maji yale ndiyo yalikuwa mpaka wetu na ukoo wa jirani yetu Mzee Mkude, na leo hayajulikani yalipopita. Mwanawe anayeuza vitunguu Dumila kaichapisha picha yangu kwa rangi, kaitia plastiki, kaipeleka baraza la kata. Anasema ndivyo kijito kilivyokuwa kabla ya maporomoko, kwa hiyo shamba ni lao. Eti mwenyekiti kaitazama nembo ya makumbusho pale chini, kasema, "Wazungu hawawezi kutundika uongo ukutani." Mlipopeleka zile picha zangu za kwanza, kijana akajibu kwamba za simu zinachezewa. Yeye ndiye wa kusema hivyo! Niligonga meza hadi chai ikamwagika.

Nikamfuata Bi Kirsten. Nikamweleza yote, nikamwomba karatasi fupi yenye muhuri, iseme tu kwamba kijito kilisogezwa kwa ajili ya mlango. Masikio yake yakawa mekundu.

"Anselmi, ukumbi umeandikwa 'Mlima Kama Ulivyo.' Mkurugenzi akijua tumehamisha mto, itakuwaje?"

"Basi tukirudishe."

"Imeshachapwa. Wiki ijayo inabandikwa."

"Na mama yangu je?"

"Nampa pole sana mama yako. Lakini usiandike chochote kuhusu jambo hili. Mkataba wako uko mezani kwa mkurugenzi mwezi huu huu."

Si mtu mbaya. Baridi ya kwanza ilipotaka kuniua, ni yeye aliyenipa koti la mumewe. Lakini alijua anachosema, kwa sababu mkataba ukikatika, na kibali changu cha kuishi kimekatika. Nilitoka mle nimekuwa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Juzi ulipopiga simu ukasema, "Acha, mwanangu, shamba ni udongo tu, shika kazi yako," nilikusikia. Nikasikia pia ulivyonyamaza kabla ya kulitoa neno hilo. Shamba lile ulipewa na bibi, naye alipewa na mama yake, na baada yako ni la Tekla na wanawe. Kwa mila yetu mimi sina cha kurithisha watoto pale. Nitawezaje kununua mkataba wangu kwa mali isiyo yangu?

Mjomba, hapa ndipo pa kusoma barazani. Soma taratibu, usiruke neno.

Waheshimiwa wajumbe, shikamooni. Mimi ni Anselmi, mpwa wa Deo. Picha mliyoletewa nimeitengeneza mimi. Kijito hakikuwahi kupita hapo kinapoonekana. Kilipita chini ya mgomba wa mwisho wa Mzee Mkude, na shamba la Kwa Bibi na nyumba ya mama vilikuwa upande mmoja wa maji. Nilikihamisha kwa mkono wangu, kwa agizo la mwajiri wangu, ili kisipite kwenye mlango wa ukuta. Nilijua si kweli nikanyamaza, na kwa hilo naomba radhi. Mzee Mkude, shikamoo baba. Nilipoteleza na ndoo nikiwa mdogo, wewe ndiye uliyenitoa majini. Ukanibeba begani, ukapita katikati ya maharage ya Kwa Bibi hadi mlangoni kwa mama, na hukuvuka maji mengine yoyote. Nakuomba ulikumbuke hilo mbele ya wajumbe.

Mjomba, ishia hapo. Haya ni ya mama.

Mama, naogopa. Barua hii anakuja nayo kaka mmoja wa Mikese anayerudi kwao likizo, mjomba akaipokee kwake. Mwambie Tekla aache kujilaumu, status haikuchora kijito. Nisalimie mama mkubwa wa Ngerengere, umwambie vitenge vyake nimevipata na wenzangu huku wamevionea wivu. Msalimie katekista, aniombee kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida yake. Na wale watoto wa Tekla uwaambie mjomba wao anawawaza.

Nakujua, mama. Ukishasikia haya utataka mjomba aikunje barua, uitie chini ya godoro, useme barazani haikufika, ili mwanao asifukuzwe. Usifanye hivyo. Leo asubuhi, kabla sijafunga bahasha, nimemkabidhi Bi Kirsten mkononi nakala yake niliyoitafsiri kwa lugha yao. Ameisoma yote nikiwa nimesimama. Kwa hiyo kuificha hakuniokoi tena. Isomwe.

Mwanao akupendaye,
Anselmi