Mawe ya Utelezi

Mjukuu wangu Masatu,

Huku Mugango hatujambo, babu yako anatembea bila fimbo sasa. Unauliza kwa nini samaki wanakufa kwenye tangi lako jipya wakati maji ni safi kabisa.

Sabuni ilipokuwa adimu, babu yako alikuwaga anafuga furu, vile visamaki vya ziwani vya chambo, kwenye pipa lenye mawe ya utelezi, nao hawakufa. Sabuni iliporudi madukani tulisugua kila kitu, hata mawe, tukasuuza sana. Furu wakafa. Mama mkwe wangu akaomba mawe machafu kwa jirani mwenye pipa la furu, akayatia pipani. Furu waliofuata wakaishi.

"Mgeni atapokelewaje nyumba ikiwa haina wenyeji?" akaniuliza.

Nawe omba jiwe kwa mwenye tangi la zamani, usilioshe. Halafu wewe uliyesoma niambie, hao wenyeji wanaoishi kwenye utelezi ni akina nani?

Bibi yako