Chuma Juu ya Goti

Élisabethville

Yaya Ngoie,

Jambo sana, dada yangu mukubwa. Uko muzima? Kikohozi ya Mama ilikwisha? Miye niko hai. Usiamini bale benye kusema nilikufa.

Ule muzungu mukubwa wa atelye, kule tunatengeneza wagoni za treni, mwenye tunamuita Kafimbo, njo alinivunja. Alikuwa anapiga rafiki yangu Ilunga mateke ya kichwa. Ilunga iko chini tayari, damu inatoka mu masikio. Nikamushika Kafimbo mukono. "Bwana, inatosha, utamuua!" Akaacha Ilunga, akakamata bare ya chuma. Mara ya kwanza nilianguka. Mara ya pili, Yaya, mufupa ilitoka inje juu ya goti, mweupe sawa muhogo. Mara ya tatu sikuisikia.

Ku lopitalo munganga wa kwanza alisema: "Mguu tutaikata." Nililia kwa nguvu mupaka masere mwenye kuchunga bagonjwa akakimbia kuita munganga ingine, muzee. Akaangalia sana. "Utaweza kuvumilia, tuiunge na chuma?" Nikajibu: "Nitaweza."

Bakanichoma shindano mu mugongo, tangu kiuno mupaka chini ikakufa. Lakini masikio haikukufa. Nilisikia banatoboa mufupa yangu sawa seremala na ubao, bakafunga kipande ya chuma na vise saba, ile misumari ya kuzungusha. Kila vise, meza inatetemeka, meno yangu pia.

Kisha, kila asubui, infirmier, musaidizi wa munganga, analalia mguu yangu na kifua yote ili goti ikunjike. Siku moja nilimuuma mukono. Akacheka: "Bien! Vizuri! Nguvu iko."

Nikiwa bado ku kitanda, Kafimbo akafika na karatasi. Ilisema wagoni njo ilinigonga, niweke kidole ya kukubali. Nikaomba kalamu, nikaandika chini: "Bwana alinipiga na chuma mara tatu. Ilunga aliona." Akanipiga kofi, damu ikatoka mu pua. Munganga muzee akamusukuma inje, akachukua ile karatasi, akaiweka mu mufuko yake. Sijui aliipeleka wapi.

Kafimbo iko ku kazi. Siye benye bamefukuza, miye na Ilunga. Ilunga hasikie tena ku sikio ya kushoto; ukisema naye, simama ku kuume, maana tutakuja naye.

Munisalimie Mama, na bwana yako, na muyomba katekista mwenye alinifundisha kuandika.

Yaya, usitume bantu na kipoyi ya kunibeba ku gare ya treni. Nitashuka na miguu yangu mbili.

Miye mudogo yako,
Kalenga