Muuaji Aliyetajwa Kwenye Pakiti ya Maziwa

Mtaa wa Kinu,
Voss, Norwe.
11 Machi 2019

Mpendwa binamu Aslaug,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. U hali gani, na Desmond na mguu wake? Je, Perth kumepoa, au bado mnaokwa? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaofuka moshi, na leo utanisikiliza wewe, maana paka ameshanichoka.

Mama yako hajambo. Anagombana na wauguzi kila siku, kwa hiyo ana nguvu.

Kazi yangu unaijua. Tangu niache ualimu, kila mwaka naua mtu kitabuni, na kila Pasaka nchi nzima inapanda vibandani milimani na machungwa, chokoleti na maiti wangu. Sijawahi kuionea haya kazi hiyo, hata wakubwa wa magazeti waliponibeza. Lakini siku hizi fahari yangu ni wale waandishi wapya wanaokuja jikoni kwangu Jumanne. Tunakula, tunasomeana. Sheria ni moja: unasoma mpaka sura ya kabla ya mwisho, unanyamaza, na sisi tunabahatisha muuaji. Tukimpata, unarudi nyumbani kuandika upya.

Ingelin, muuguzi wa nyumba ya wazee hapa, alirudishwa tena na tena. Hakununa. Kitabu chote amekiandika garini nje ya uwanja wa mpira, akiwasubiri wanawe, glavu mkononi. Msimu uliopita alisoma, akanyamaza, na jikoni nzima tukakosa! Muuaji alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, yule mpole anayewamiminia watu kahawa tangu sura ya kwanza. Nilipiga meza kwa furaha mpaka vikombe vikaruka. Nikampeleka mwenyewe kwa mchapishaji wangu Oslo, wakakubali kitabu kitoke Pasaka hii.

Sasa sikia walichofanya. Unazikumbuka zile pakiti za maziwa za Pasaka, zenye kisa kifupi cha mauaji ubavuni na jibu lililochapwa kichwa chini, watoto wanazipindua mezani mpaka maziwa yanamwagika? Torgrim, bwana wa matangazo pale kwa mchapishaji, aliwapa wenye maziwa kisa cha Ingelin. Wakamwambia kisa bila jibu hakichapwi. Basi akawapa jibu. Lile lile la kitabuni, Aslaug! Nimelikuta dukani, jokofu zima: “Muuaji ni mpiga kinanda.” Nilitukana mbele ya mchungaji.

Nikampigia simu huyo bwana.

“Gudveig, mama, tulia,” akasema. “Nchi nzima inamjua Ingelin sasa.”

“Inamjua? Inajua mwisho wake! Nani atanunua kitabu ambacho mwisho wake ameshausoma akinywa uji?”

“Aa, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.”

“We Torgrim, usinigange mimi! Ungekuwa jikoni kwangu ningekumwagia hayo maziwa kichwani.”

Akacheka. Kicheko kile ndicho kilichonipandisha mori. Mtu anamharibia mwenzake jasho la miaka, halafu anacheka.

Nilimkuta Ingelin anaosha vyombo, macho mekundu. Wazee anaowauguza walikuwa wamempokea asubuhi kwa shangwe, “Tumemjua, Ingelin! Mpiga kinanda!” Alitaka kitabu kiondolewe, na alisema hataandika tena maishani. Badala ya kumbembeleza nikamfokea. Nilimwambia akiacha sasa, Torgrim atakuwa ameua wawili, kitabu na mwandishi wake. Akaiweka sahani chini.

“Mwalimu,” akasema taratibu, “kwa hiyo sasa watu wote wanamwangalia mpiga kinanda?”

“Wote. Mpaka mchungaji.”

“Hakuna anayemwangalia mwingine?”

Aslaug, hapo nikamwelewa: muuaji abadilishwe! Nilipanda treni ya kwanza kwenda Oslo, nikawaambia wasimamishe mtambo wa kuchapa wampe Ingelin nafasi ya kuandika mwisho mwingine, la sivyo kitabu changu kijacho wamwombe Torgrim awaandikie. Walijaribu kunipa keki. Nikaiacha mezani. Mwishowe wakanywea, na Torgrim akatumwa kuniitia teksi.

Ingelin aliomba likizo akajifungia. Ijumaa kitabu kimeingia mtamboni, na maziwa bado yanauzwa, na kila nyumba inajiona imeshamkamata muuaji. Jana nilikwenda kwake nikaomba hizo kurasa za mwisho.

“Hapana, mwalimu. Utasoma Pasaka na wenzako.”

Mimi! Mimi niliyemfundisha mahali pa kuficha kisu! Nilimtajia mjane wa kitabuni, nikamtaja mwenye hoteli, nikamtaja hata daktari wa mifugo. Ananitazama tu, anapangusa meza. Nimerudi nyumbani nimefura kwa hasira, na sijawahi kukasirika nikafurahi namna hii.

Nisalimie Desmond, Kirsty na wajukuu, na yule jirani yako anayependa visa vyangu. Mungu awape afya na awapunguzie jua. Nakala yako nitaituma. Muuaji usiniulize. Nimeshaweka jina kwenye duka la vitabu, nasubiri kama watu wengine.

Ni mimi nduguyo akupendaye daima,

Gudveig