Meno Yako Kinywani mwa Zuhura

Baba Zuhura, mume wangu,

Nakusalimia huko uliko, Mungu akupe nafasi na mwanga kaburini. Huku Maparoni tupo. Mpunga mwaka huu usiulize: wa kwangu umesimama kuliko wa mtu yeyote, na anayebisha aende shambani akaone mwenyewe.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya mpunga. Meno ya ukubwani ya Zuhura yametoka, ya mbele yote, juu na chini. Ni yako. Umanjano uleule wa kuelekea kahawia, vishimo kama mtu aliyachokoa kwa sindano, na ncha zimeanza kumeguka kama biskuti. Nilimshika kidevu nikamgeuza kwenye mwanga, nikakuona wewe.

Unakumbuka mlivyokuwa mkirusha ya utotoni juu ya paa? Nayo yalikuwa manjano, mie nikajipa moyo kwamba hayo ya kupita tu. Wewe ndiye uliyepiga kelele kuliko mtoto: "Kunguru, chukua hili bovu, lete jeupe! Jeupe, umesikia?" Zuhura anaruka, anacheka, majirani wanachungulia. Kisha ukirudi ndani unamfunua mdomo, unamkagua ufizi. Sasa ndiyo najua ulikuwa unaogopa nini.

Na ulivyokuwa na mdomo! Kwenye harusi ya dada yako kule Kibiti, kijana mmoja wa Dar alikuambia, "Shemeji, punguza ugoro." Wewe ukamchekea, meno yote nje: "Ugoro? Wenzako wanauza mbuzi wavishwe jino moja la dhahabu. Mie nimezaliwa nayo mdomo mzima!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilitembea kwa maringo siku ile, kila mtu ajue huyu ni wangu.

Mwanao ni wa kwanza darasani. Sisemi kwa sababu nimemzaa mie, mwalimu wake yupo, aulizwe. Na sauti yake akisoma Kurani, watu husimama njiani. Ustadhi amemchagua afungue Maulidi ya chuoni. Amekataa. Wasichana wenzake wanamwita Mahindi Choma. Tangu hapo anasoma kajifunika mtandio mdomoni, akila anageukia ukuta, na humu ndani, kwangu mie nisiyejua kunyamaza, ananijibu kwa kichwa.

Jirani akaja na ushauri: "Mama Zuhura, msugue kwa mkaa na chumvi, uchafu tu huo." Uchafu! Kwangu! Mie ambaye sufuria zangu mtu anajitazamia uso! Nikamwambia, "Bibi wee, kaanze na za kwako." Kisha nikaingia ndani nikalia.

Tukapanda boti hadi Nyamisati, tukaenda Kibiti kwa daktari wa meno, binti mdogo tu lakini mpole. Akaangalia weee, akasema, "Mama, mtoto hajakosea kitu, wala wewe hukukosea. Lile gamba gumu la nje ya jino halikujengeka sawasawa, tangu jino likiwa ndani ya ufizi. Ni hali ya kurithi. Kwenu nani anayo?"

"Baba yake."

"Yeye aliyatibu vipi?"

Nikacheka kama mwehu. Ningemwambia nini, kwamba uliyatibu kwa maneno? Magego ameyaziba yasizidi kukatika. Ya mbele, kuyafunika vizuri, tungoje akue.

Akue! Maulidi ni Alhamisi. Kukua si wali, kwamba nitaongeza kuni uive upesi.

Jana tulikuwa tunapepeta mchele, nikaona nimpe dawa yako. Nikamsimulia ile ya dhahabu, nikaigiza na sauti yako, mkono kiunoni. Hakucheka. Akaniuliza, "Mama, baba akiwa peke yake, alikuwa anacheka?"

Baba Zuhura, mie nina jibu la kila mtu. Nilikujua mbele za watu, nilikujua chumbani, nilijua maji ya baridi yanakuuma nikakutengea ya uvuguvugu. Lakini ulipokuwa shambani peke yako, hakuna wa kumjibu wala wa kumchekesha, sijui. Mtoto ananitazama, ungo mkononi, anangoja. Nikamwambia, "Pepeta, mwanangu."

Wewe tu ndiye uliyewahi kuishi na meno hayo, na wewe huwezi kumwambia. Mie nina haya yangu, meupe, yamejipanga, niliyokuwa nikitamba nayo tangu usichana. Siku hizi nikiwa naye nayaonea haya. Nimejikuta nami nafumba mdomo. Mchele tumeumaliza hivyo hivyo, mama na mwana, hakuna aliyefungua kinywa.

Pumzika, mume wangu. Mie nipo naye.

Mkeo,
Mama Zuhura